Kulinda Macho Mbele ya Tanuru: Mwongozo kwa Wanaoyeyusha Chupa na Shaba Lubumbashi

Baba mkubwa aliniambia nifungue mlango, karakana imejaa moshi. Mlango ulikuwa wazi, na tanuru lilikuwa baridi tangu juzi. Moshi aliouona ulikuwa ndani ya macho yake. Munganga wa macho alipommulika alituambia ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, la kushoto zito zaidi. Hapo nikakumbuka alivyozoea kusimama kazini: bega la kushoto mbele, shavu la kushoto likielekea mdomo wa tanuru, kwa miaka zaidi ya 20. Katika kiwanda alichoanzia kazi alipewa kofia ngumu na glavu. Miwani hakupewa, wala hakuna aliyemweleza kwamba moto unaweza kumharibu mtu macho bila kumchoma hata unyusi.

Katika lupango letu, yaani kiwanja cha nyumbani, pale mtaa wa Katuba sasa kuna vijana wawili wanaoyeyusha chupa tupu na kuzipuliza upya kuwa glasi na vyombo vya maua. Sisi wengine tunamimina shaba na alumini. Kazi ni mbalimbali, moto ni ule ule, na kosa nililoliona kwao ndilo nililolifanya mwenyewe kwa miaka: wamevaa miwani myeusi ya jua, wanaamini wamejikinga. Mwongozo huu nimewaandikia wao, na yeyote mwingine anayechungulia ndani ya moto ili apate mkate wake.

Kwanza, ujue kinachoumiza

Kioo kilichoyeyuka, shaba iliyoyeyuka na makala (makaa) yanayopulizwa na feni hutoa nuru tunayoiona pamoja na mionzi ya joto tusiyoiona, ambayo wataalamu huiita infraredi. Katika tanuru la nyuzi 1,200 za Selsiasi, nuru inayoonekana haifiki sehemu 1 katika 1,000 ya nguvu yote inayotoka. Ule mng'ao unaokufanya ukunje uso ni punje moja. Gunia zima linakuingia machoni bila wewe kuliona.

Konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, ina hisia kali. Ikipata joto utapepesa na kugeuza kichwa. Lenzi iliyo nyuma yake haina mshipa wa damu wala wa hisia. Sehemu nyingine za mwili damu hupita ikibeba joto na kulitawanya. Lenzi haina msaada huo. Zaidi ya hapo, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni hunyonya mionzi, hupata joto, kisha huipasha lenzi iliyolala nyuma yake. Fikiria ute wa yai: ni mwangavu, ukiupasha moto unakuwa mweupe, na hata ukipoa haurudi ulivyokuwa. Lenzi imejengwa kwa protini pia. Haipikwi kwa siku moja, lakini miaka 10, 15, 20 ya kuchungulia kila siku inatosha kuipa ukungu. Na kwa sababu haina hisia, haitakuambia chochote njiani.

Ulaya waliliona jambo hili zamani sana kwa wapuliza vioo, hata ugonjwa ukaitwa kwa jina la kazi yao. Mwaka 1913 mkemia Mwingereza William Crookes alitoa matokeo ya majaribio yake ya kutafuta kioo cha miwani ambacho kingezuia mionzi ya tanuru huku mfanyakazi akiendelea kuona kazi yake. Miaka zaidi ya 100 imepita. Mji wetu nao ulikuwa umekwisha kuanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kabla ya hapo babu zetu walikuwa wakiyeyusha katika matanuru ya udongo wa kichuguu na kumimina misalaba ya shaba. Kwa hiyo elimu ya kujikinga ipo, na moto tunao. Kilichokosekana ni kuviunganisha hivyo viwili hapa kwenye karakana ndogo za mitaani.

Hatua ya 1: Pima moto wako, na muda wako mbele yake

Kabla ya kununua chochote, andika mambo matatu kwenye karatasi: moto wako una joto gani, unautazama kwa dakika ngapi kwa siku, na umesimama umbali gani.

Kwa joto, hizi ni namba za kuanzia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Shaba huyeyuka kwenye 1,085, na wengi wetu tunaimimina ikiwa kati ya 1,150 na 1,250 ili isigande njiani. Kioo cha chupa hufanyika kazi kikiwa karibu nyuzi 1,000 hadi 1,100, na tanuru lenyewe huwa juu zaidi. Kama huna kipimajoto cha waya, rangi itakusaidia: wekundu wa tunda lililoiva ni karibu 750 hadi 800, rangi ya chungwa ni karibu 950 hadi 1,000, njano ni 1,100 na kuendelea.

Wanaomimina sufuria za alumini huniambia, "Yaya, sisi moto wetu mdogo." Alumini ni kweli. Lakini makala yaliyo chini ya chungu, yakipulizwa na feni, hupita nyuzi 1,000 kwa urahisi, na unapoinama kuangalia kama chungu kimekaa sawa, unachokitazama ni yale makala.

Joto likipanda kidogo, mionzi hupanda sana. Kutoka nyuzi 1,000 hadi 1,200 mionzi huongezeka kwa karibu asilimia 80. Ndiyo maana aliyejikinga vizuri kwa kazi ya chupa asidhani ile ile itamtosha akialikwa kumimina chuma.

Kwa muda, usihesabu saa za kazi. Hesabu dakika ambazo uso umeelekea tundu. Mwombe kijana asimame na simu apime. Nilipofanya hivyo kwangu nilidhani ningepata nusu saa. Ilikuwa karibu saa mbili.

Hatua ya 2: Ziba moto kabla ya kuziba macho

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu, kwa sababu hatua hii haihitaji dola nyingi na ndiyo inayopunguza zaidi.

Chukua tanuru lenye tundu la sentimita 20 kwa 20, moto wa nyuzi 1,200. Ukisimama mita 1 mbele yake, uso wako unapokea takriban wati 3,400 kwa kila mita ya mraba. Jua la adhuhuri la mwezi wa 10, lile linalofanya balabala ichemke, ni kama wati 1,000. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, inashauri kwamba mtu anayekaa mbele ya moto zaidi ya sekunde 1,000, yaani kama dakika 17, jicho lake lisipokee mionzi ya joto inayozidi wati 100 kwa mita ya mraba. Hata tukitoa ile sehemu ya mionzi mirefu ambayo haiingii kwenye kipimo hicho, bado mtu huyo amepita mpaka karibu mara 20.

Sasa tazama tunachoweza kufanya bila miwani yoyote.

Punguza tundu. Ukilifanya sentimita 10 kwa 10, mionzi inashuka hadi robo. Mafundi wengi huacha mdomo mpana ili chungu kipite, kisha wanafanya kazi siku nzima na mdomo ule ule. Tengeneza mlango wa vipande viwili: kipande kikubwa hufunguliwa wakati wa kuingiza na kutoa chungu tu, na ndani yake kuna kidirisha kidogo cha kupitishia bomba la kupulizia. Tofali la kuvumilia moto lililokatwa vizuri linafanya kazi hii. Udongo wa kichuguu uliokandwa na kukaushwa vizuri nao unafaa, ingawa utaubadilisha mara kwa mara.

Rudi nyuma. Kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inakuwa robo. Hii ina maana ya koleo ndefu, bomba refu, kijiko cha mpini mrefu. Najua mpini mrefu unachosha mkono. Weka kigingi cha kuegemezea chenye umbo la V mbele ya tanuru, uzito utalala juu yake.

Weka ukuta kati yako na moto. Bati moja likisimamishwa mbele ya tanuru hupata joto, nalo huanza kukupasha wewe. Weka mabati mawili, katikati acha nafasi ya vidole vinne ili hewa ipite ikipanda juu. Upande unaoelekea moto uwe wa kung'aa. Alumini iliyosuguliwa hurudisha mionzi vizuri mno. Masizi yakiishika ing'arishe tena, kwa kuwa ikiwa nyeusi hunyonya badala ya kurudisha. Ukuta ufike juu ya kichwa chako ukiwa umeketi kwenye benchi la kazi. Benchi lenyewe liwe ubavuni mwa tanuru, mbali na mstari wa tundu. Mpuliza kioo hutumia muda mwingi kwenye benchi akiviringisha bomba kuliko mbele ya tundu, na ni hapo jicho la upande mmoja linaposahauliwa.

Kuna wanaotundika gunia lililoloweshwa maji. Tafadhali, usifanye hivyo karibu na shaba iliyoyeyuka. Tone la maji likifunikwa na shaba hugeuka mvuke kwa kishindo na kurusha metali mpaka kwenye dari. Kwa sababu hiyo hiyo kalibu iwe imekauka kabisa, na chupa uzioshe siku moja kabla, uzianike, ndipo uzivunje. Chupa yenye unyevu ikiingia motoni hupasuka na kurusha vipande, na vipande hutafuta macho.

Mwisho wa hatua hii: ondoa watu. Malupango yetu ni ya familia. Mtoto anakuja kuona moto, mama analeta bukari, jirani anasimama kupiga hadithi. Chora mstari chini, mita 4 kutoka kwenye tundu, na asiye na kazi asiuvuke.

Hatua ya 3: Soma namba iliyoandikwa kwenye kioo

Weusi wa kioo hauonyeshi kama kinazuia mionzi ya joto. Rangi nyingi zinazotiwa kwenye miwani ya jua ya bei ndogo huzuia nuru tunayoiona na kuacha infraredi ipite. Tena, mboni ikiwa gizani hupanuka. Umeufungua mlango, ukazima taa, ukajiambia nyumba imefungwa. Miwani angavu ya plastiki nayo huzuia urujuanimno (mionzi ya UV) na vipande vinavyoruka, jambo jema, lakini mionzi ya joto iliyo karibu na wekundu huipita.

Unachotafuta ni alama. Kwa miwani iliyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya za kabla ya EN ISO 16321 kuzibadilisha, fremu inaandikwa EN 166, na kwenye kioo kunakuwa na namba mbili zenye kistari katikati. Ya kwanza inaeleza aina ya mionzi. 2 au 3 ni urujuanimno. 4 ni infraredi, ndiyo yetu. 5 na 6 ni za jua. Ya pili inaeleza nguvu ya kuzuia: kadiri inavyopanda, ndivyo inavyozuia zaidi na ndivyo kioo kinavyokuwa kizito machoni.

Katika kanuni ya EN 171, ambayo ni ya infraredi, kila namba imepewa joto la moto inaoufaa. Kwa kazi zetu, zinazohusika ni hizi: 4-1.2 kwa moto usiozidi nyuzi 1,050, 4-2 hadi 1,110, 4-2.5 hadi 1,140. 4-3 hadi 1,210. 4-4 hadi 1,290. 4-5 hadi 1,390. Basi kijana wa chupa ambaye tanuru lake ni 1,150 achukue 4-3. Mimi wa shaba natumia 4-3 kwa siku za kawaida, na 4-4 ninapojua nitaipandisha. Usichukue namba kubwa ukidhani unajizidishia kinga. Miwani ikiwa nzito mno utaiinua kwenye paji la uso ili uone, na miwani iliyo kwenye paji la uso haikingi chochote.

Miwani ya Marekani ina alama ya Z87, na kwa infraredi inaandikwa R pamoja na namba. Herufi U ni urujuanimno, W ni ya kuchomelea.

Vioo vya kijani vya kuchomelea vyenye namba 3 au 5, vile vya mafundi wa gesi, vinazuia infraredi pia, na kwa mtu wa Lubumbashi mara nyingi ndivyo vinavyopatikana sokoni au kwa wanaoleta bidhaa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Namba 3 inafaa mbele ya tanuru la kioo. Namba 10 au 11 ya kuchomelea kwa umeme ni giza tupu kwa kazi yetu. Utajikwaa na chungu mkononi, na hilo ni baya kuliko mionzi.

Tazama fremu pia. Namba 9 kwenye fremu na kwenye kioo ina maana imejaribiwa dhidi ya metali iliyoyeyuka na vipande vya moto. Herufi F au B inaeleza nguvu ya kuvumilia kitu kinachorushwa. B ni imara kuliko F. Kwa kumimina shaba, vaa ngao ya uso mzima juu ya miwani. Zipo ngao zilizopakwa tabaka jembamba la dhahabu, ambalo hurudisha mionzi ya joto na kuacha nuru ya kutosha ipite. Ni ghali. Mafundi watano wakichanga wanaweza kuwa na moja, ikavaliwa na yule anayemimina siku hiyo.

Kuna miwani ya waridi-zambarau wanayoitumia wanaofanya kazi ya shanga na vioo kwa tochi ya gesi, iitwayo didimiamu. Sodiamu iliyo ndani ya kioo ikipigwa na ndimi za moto hutoa njano kali inayoficha kazi, na miwani hii huikata njano hiyo peke yake, ukaona vizuri ajabu. Kwa sababu macho yanatulia, mtu huamini amekingwa. Njano ile inachosha tu. Mionzi ya joto bado inapita. Kama unaihitaji, itafute ile iliyounganishwa na kioo cha kijani namba 3.

Ukiuziwa miwani isiyo na namba yoyote, muuzaji akakuapia kwa jina la mama yake kwamba ni ya kiwandani, mrudishie kwa heshima.

Hatua ya 4: Jaribio la rimoti

Rimoti ya televisheni hutuma mionzi ya infraredi. Fungua kamera ya simu, ile ya upande wa uso mara nyingi huona vizuri zaidi, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Utaona nuru ndogo ya zambarau ambayo jicho lako halioni. Sasa weka kioo cha miwani kati ya rimoti na kamera. Kama ile nuru bado inawaka vizuri, miwani hiyo inapitisha infraredi, usiivae mbele ya tanuru.

Kama nuru imezimika, usisherehekee bado. Rimoti hutumia urefu mmoja tu wa mionzi, na tanuru hutoa mingi. Jaribio hili linakamata miwani mibaya. Haliwezi kuthibitisha iliyo njema. Uthibitisho ni ile alama. Nilipowaonyesha vijana wa lupango na miwani yao ya jua, nuru ilipita kama vile hakuna kitu mbele yake. Mmoja wao aliivua akaitazama kwa muda mrefu, asiseme neno.

Hatua ya 5: Jifunze rangi upya

Sababu kubwa inayowafanya mafundi wazuri wakatae miwani ni rangi, na wana haki ya kusikilizwa. Fundi anajua shaba iko tayari kwa kuitazama. Anajua kioo kimelegea vya kutosha kwa kutazama ukingo wake unavyong'aa. Mvalishe kioo cha kijani, umemnyang'anya kipimo alichokijenga kwa miaka 15. Kumwambia "vaa tu, ni afya yako" ni kutomheshimu.

Nilichofanya ni hiki. Wiki ya kwanza nilivaa miwani na kuweka kipimajoto cha waya kando ya chungu. Kila baada ya dakika chache nilitazama rangi kupitia kioo, nikajisemea namba, kisha nikasoma kipimajoto. Siku ya kwanza nilikosea kwa nyuzi 100 na zaidi. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakosea 20 au 30. Rangi hazikupotea, zilibadilika majina. Njano niliyoijua ikawa kijani cha ndizi inayoanza kuiva, na chungwa likawa kama majani makavu. Jicho linajifunza lugha nyingine, kama mtoto wa hapa anavyosema Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni bila kuchanganyikiwa.

Kipimajoto cha waya kinachofika nyuzi 1,200 au 1,300 kinapatikana, na karakana mbili zinaweza kugawana. Kama hamna, tumieni fimbo ya chuma safi: ichovye kwenye shaba, itoe, ikiganda juu ya fimbo bado haijawa tayari, ikitiririka safi iko tayari. Ipasheni joto fimbo kwanza ili isiingie na unyevu.

Usiruhusu mazoea ya "nitainua kidogo tu nione". Kwa kioo, sekunde 5 mara 100 kwa siku ni zaidi ya dakika 8 za jicho tupu, tena wakati tundu likiwa wazi kabisa.

Kuhusu jasho na ukungu kwenye kioo: funga kitambaa cha pamba kwenye paji la uso, acha nafasi ya hewa juu ya miwani, na isafishe kwa maji na sabuni kidogo, si kwa ncha ya shati lenye vumbi. Miwani iwe na vizuizi vya pembeni. Anayevaa miwani ya kuonea achukue ya kinga iliyo pana kiasi cha kuvaliwa juu yake.

Hatua ya 6: Jirani anayechomelea kwa umeme

Moto wake ni wa namna nyingine. Tanuru letu halina urujuanimno mwingi, lakini cheche ya umeme inautoa kwa wingi, nao huunguza konea. Hausikii kitu wakati ule. Baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi usiku wa manane, unaamka macho yakiwa kama yametiwa mchanga. Hata asiyechomelea hupatwa akiwa anatazama pembeni, na ukuta uliopakwa rangi nyeupe hurudisha mionzi hiyo. Mwombe jirani aweke pazia zito. Miwani yako ya tanuru haikutoshi kutazama kazi yake.

Usiku huo ukikupata: chumba chenye giza, kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope, usisugue, na asubuhi nenda kituo cha afya. Usitie maziwa, maji ya majani wala mate. Wala usitafute matone ya kutia ganzi ukayatia nyumbani mwenyewe. Yanaondoa maumivu na kuzuia konea isipone.

Hatua ya 7: Kitu kikiruka jichoni

Weka ndoo au galoni la maji safi lenye mfuniko, mahali ambapo mtu aliyefumba macho anaweza kupapasa na kulifikia, mbali na eneo la kumimina. Tone la moto likigusa jicho au kope, mwaga maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20. Kilichoganda usikivute. Kipande cha kioo kilichochoma jicho usikitoe, wala usimwage maji kwa nguvu juu yake; funika bila kukandamiza, kikombe safi cha karatasi kinatosha, na mgonjwa apelekwe hospitali yenye munganga wa macho moja kwa moja.

Kwa walioajiriwa: sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kumwomba miwani yenye namba sahihi si utovu wa adabu. Nenda na namba imeandikwa kwenye karatasi, 4-3 au 4-4, kwa sababu ukisema "miwani" tu utaletewa ile ya jua.

Hatua ya 8: Kalenda ya ukutani

Mtoto wa jicho wa moto huanza polepole, na jicho zima huficha la pili linalofifia. Kwa hiyo pima moja moja. Tundika kalenda yenye herufi kubwa na ndogo ukutani, simama mita 3, weka alama chini ili usimame pale pale kila mara. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mchana, ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza, soma mstari mdogo kabisa unaouweza. Badilisha. Andika tarehe na mstari uliofika kwa kila jicho.

Nenda kwa munganga kama jicho moja limeshuka mstari mwezi mmoja na halikurudi mwezi uliofuata. Kama taa za magari usiku zina miale na ukungu. Kama nyeupe imeanza kuwa ya kimanjano. Kama unaona ukungu ambao hauondoki ukisafisha miwani. Mwambie wazi unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, na upande gani wa uso huelekea moto, kwa sababu atajua sehemu ya lenzi ya kuichunguza. Anayefanya kazi ya tanuru zaidi ya miaka 10 asisubiri dalili. Apimwe kila mwaka.

Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji: lenzi yenye ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia. Baba mkubwa alifanyiwa jicho la kushoto kwanza. Bandeji ilipotolewa, aliuliza ni nani aliyepaka upya lango letu la buluu. Hakuna aliyelipaka. Munganga alimwambia apumzike kwanza na asikaribie moto mpaka atakaporuhusiwa, na kwamba hata akiwa na lenzi ya bandia miwani ni lazima, maana konea na sehemu za nyuma za jicho bado ni zake alizozaliwa nazo.

Sasa hivi yeye ndiye anayeshika kalenda. Jumapili ya kwanza ya mwezi anawapanga vijana kwenye alama ya mita 3, mmoja mmoja, na anaandika mwenyewe.